UTI zisizoisha kwa mtoto aliyepandikizwa figo: tuache kumlaumu mama, tuangalie kibofu

#1 nesi_wa_zamu

Wanajukwaa, habari za muda huu.

Kule kwenye jukwaa la wazazi kuna mama kaeleza kwamba mwanawe alipandikizwa figo, na tangu hapo UTI zinapokezana, hii ikitoka ile inaingia. Majibu karibu yote: usafi mama, zingatia usafi. Mwenyewe akasema anaosha mpaka anaogopa kumchubua mtoto. Nikaona mistari miwili ya majibu haitoshi, bora nifungue uzi.

Mimi ni muuguzi, nahudumia watoto wa figo. Dozi sitaandika, msinibembeleze. Dozi ya mtoto wa aina hii inapangwa na timu inayojua uzito wake, kreatinini yake ya karibuni (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inachuja vipi, ikipanda figo inasumbuka) na dawa nyingine anazomeza. Nitaandika yale yanayomwezesha mzazi kuingia kliniki akijua anauliza nini.

UTI ndiyo inayoongoza kati ya maambukizi ya bakteria baada ya kupandikizwa figo, kwa wakubwa na wadogo. Miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi: dawa za kushusha kinga ziko juu, mtoto ametoka kuwekewa mpira wa mkojo, na ndani bado ana stenti, kile kijimrija laini kinachoshikilia njia kati ya figo na kibofu mpaka mshono upone. Hapo hata mtoto aliyezaliwa na njia nzima ya mkojo anaweza kuambukizwa.

Ila kwa watoto kuna jambo la pili, na ndilo lililonileta. Watu wazima wengi figo zao huuliwa na kisukari au shinikizo la damu, na kibofu mara nyingi kilikuwa hakina tatizo. Kwa mtoto mdogo, sababu inayoongoza ya figo kufa ni hitilafu ya kuzaliwa nayo kwenye figo au njia ya mkojo. Kuna wavulana wanaozaliwa na vijiutando vinavyoziba mrija wa kutolea mkojo. Kuna watoto ambao mkojo wao unapanda kurudi kwenye figo kila wanapokojoa. Kuna wenye mgongo wazi, ambao kibofu hakipati taarifa sawasawa kutoka kwenye neva. Daktari wa upasuaji anampa mtoto huyu figo mpya. Kibofu anabaki nacho kilekile.

Kibofu kilichopambana na kizuizi tangu tumboni mwa mama huwa kimenenepa kuta, kigumu, kina shinikizo kubwa ndani na hakimalizi mkojo. Mkojo unaobaki ndio makazi ya bakteria. Unaweza kumwosha mtoto kutwa mara saba, mkojo uliobaki ndani haujaguswa.

Halafu kuna namna figo mpya inavyoungwa. Haiwekwi mgongoni zilipo za asili, inawekwa chini ya tumbo upande mmoja, na mrija wake unashonwa kwenye kibofu. Mrija wa asili hupita kwa mshazari ndani ya ukuta wa kibofu, kibofu kikibana nao unabanwa, mkojo haupati njia ya kurudi. Daktari anajitahidi kuiga hivyo hivyo kwa mshono, lakini si kila mara inashika, hasa ukuta ukiwa mgumu. Mkojo ukirudi juu unakwenda na bakteria wake hadi kwenye figo. Ndiyo maana UTI ambayo kwa mtoto mwingine ingeishia kwenye kuungua wakati wa kukojoa, kwa huyu inakuja na homa na kreatinini kupanda.

Ulizeni, nipo mpaka zamu ianze.


#2 Fundi Bomba

Sista mimi sina mtoto mgonjwa, nimepita tu. Ila kwa maelezo haya mmefunga pampu mpya kwenye tangi bovu, halafu pampu ikisumbua analaumiwa mwenye nyumba.


#3 nesi_wa_zamu

Fundi, umemaliza. Niongeze tu kwamba timu nyingi hulikagua hilo "tangi" kabla ya upandikizaji: wanapima kibofu kinabeba kiasi gani, kina shinikizo gani kikijaa, kinabakiza kiasi gani. Wengine hukitengeneza kwanza ndipo figo ije. Lakini kutengenezwa si sawa na kuwa kipya.


#4 Mama Tunu

Asante kwa uzi, Sista. Wangu ana mwaka na nusu, bado wa nepi. Hasemi kitu. Nitajuaje kama ni UTI? Na mkojo wa kupima nautoa wapi? Kile kimfuko cha kubandika kila wakikituma maabara jibu linarudi "vimelea mchanganyiko", tunarudia, vilevile.


#5 nesi_wa_zamu

Mama Tunu, kwa umri huo usisubiri dalili za kwenye vitabu. Homa bila sababu inayoonekana, kutapika, kukataa kunyonya au kula, kulialia bila kutulia, kulegea, nepi kuwa kavu kuliko kawaida. Kwa mtoto aliyepandikizwa, yoyote kati ya hizo inatosha kupimwa mkojo. Kwa mkubwa kidogo ongeza: kuungua, kukojoa mara kwa mara, kuanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, maumivu juu ya pale figo ilipo.

Hapo kwenye maumivu kuna mtego. Kila mtu amefundishwa kwamba figo ikiumwa mgongo unauma. Figo hii haipo mgongoni, na neva zake zilikatwa ilipotolewa kwa mchangiaji. Mtoto anaweza kuwa na figo iliyovimba kwa maambukizi asilalamike sana. Mtego mwingine ni prednisoloni, mojawapo ya dawa zake za kushusha kinga, inashusha homa. Nyuzi 38 kwa mtoto huyu si "kajoto".

Kimfuko kina faida moja tu: kikitoka safi kabisa, unaweza kupumua. Kikitoka na vimelea, hujui vimetoka kibofuni au kwenye ngozi na kinyesi, na hapo ndipo mtoto anapewa antibayotiki za bure. Mkojo wa kuaminika ni wa kudaka hewani au wa kutolewa kwa mpira. Mtoto akiwa mgonjwa kweli hatukai tukisubiri kudaka, tunapitisha mpira, tunachukua, dawa inaanza.

Kudaka kunawezekana. Mpe anywe, subiri kidogo, mvue nepi, msafishe kwa maji matupu na umfute. Si dawa ya kuua vijidudu, ikidondokea kwenye mkojo itaharibu majibu. Mmoja ampakate miguu ikining'inia, mwingine ashike kikopo kisafi, kifuniko kikiwa kimegeuzwa juu mezani bila kuguswa ndani. Matone ya kwanza yaache yaende, daka yanayofuata. Baadhi ya watoto wa chini ya mwaka hukojoa haraka ukiwapapasa juu ya kinena kwa pamba yenye maji baridi. Kule kugongagonga tumbo ambako wengine wanafundishana mtandaoni mimi sikupendi kwa watoto wetu, figo iko papo hapo.

Mkojo ukipatikana uende maabara mara moja. Ukikaa kwenye joto la chumba, bakteria wawili watatu wa ngozi wanazaliana mpaka wanaonekana jeshi. Kama kuna kuchelewa, weka kwenye friji, sehemu ya kawaida, si ya barafu.


#6 Mama Tunu

Kumbe! Cha kwetu kilikuwa kinakaa dirishani mpaka mtu wa maabara apite. Nitawaambia.


#7 Baba Ibra

Naomba niulize jambo linalonikera. Binti yangu ana figo mwaka wa pili sasa. Mzima, anacheza, anasoma. Kila kliniki mkojo unapimwa, na mara nyingi wakiuotesha maabara kuona kama vijidudu vitakua, wanapata bakteria. Daktari anaangalia karatasi, anasema "tuendelee kumwangalia". Antibayotiki hatoi! Mke wangu halali. Huu si uzembe?


#8 Mzee Kobe

Ni uzembe. Bakteria yupo, dawa ipo, kuna nini cha kuangalia? Wanasubiri figo ife ndipo waandike dawa?


#9 nesi_wa_zamu

Baba Ibra, kwa ulivyoeleza, daktari wako yuko sahihi, na nitaeleza kwa nini ili mama naye alale.

Bakteria kwenye mkojo na ugonjwa wa mkojo ni vitu viwili. Wapo watoto wanaobeba bakteria kibofuni bila homa, bila maumivu, kreatinini imetulia. Zamani tulikuwa tunawatibu wote. Ilionekana ni busara: kinga iko chini, kwa nini tuhatarishe? Kisha watafiti wakafanya kitu kizuri, wakachukua watu wazima waliopandikizwa figo wenye hali hiyo, wakawagawa kwa bahati nasibu, hawa watibiwe, hawa waachwe. Waliotibiwa hawakuonekana kupata nafuu ya maana kwenye kuzuia maambukizi ya figo. Walichopata ni bakteria waliozoea dawa. Mwaka 2019 mwongozo wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya maambukizi cha Marekani ukaandika wazi kwamba mtu aliyepandikizwa figo, mwezi wa kwanza ukishapita, asipimwe wala kutibiwa bakteria wasio na dalili. Tafiti zenyewe ni za watu wazima, ila timu nyingi za watoto zinafuata fikra hiyohiyo, kwa sababu usugu wa dawa hauchagui umri.

Mzee Kobe, fikiria hivi. Ukimpa mtoto mzima antibayotiki leo, bakteria laini wanakufa, wagumu wanabaki. Baada ya wiki chache mkojo uleule unaota tena, safari hii ni bakteria aitwaye Klebsiela anayecheka dawa zote za kunywa. Siku mtoto akiugua kweli, dawa iliyobaki ni ya sindano, anakaa wodini, na baadhi ya dawa hizo, kama jentamaisini, zina madhara kwa figo, na takrolimasi, dawa ya kushusha kinga anayomeza kila siku, nayo ina madhara yaleyale.

Kuna nyakati hatuachi: wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kreatinini ikipanda bila maelezo, au kabla ya kuingizwa vifaa kwenye njia ya mkojo kwa upasuaji. Hizo ni za kuulizia. Lakini binti anayecheza, anasoma, kreatinini shwari? Karatasi haiumwi.


#10 Mzee Kobe

Sawa Sista, umejibu kwa hoja. Lakini bado nasema wazazi waelezwe. Daktari akisema tu "tuendelee kumwangalia" na kumwita anayefuata, mzazi anajua amepuuzwa.


#11 nesi_wa_zamu

Hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja.


#12 Binti_wa_Figo_Tatu

Nimesoma yote. Niongee kama mwenyewe niliyepandikizwa nikiwa mdogo, sasa ni mtu mzima. (Jina: mbili nilizaliwa nazo, hazifanyi kazi lakini bado zimo ndani. Ya tatu ndiyo injini.)

Kibofu changu hakikuwa kinamaliza mkojo, kwa hiyo nilitengenezewa njia ndogo inayotokea kitovuni, napitisha katheta (mpira mwembamba wa kutolea mkojo), mkojo unatoka, naitoa. Ukiniona ufukweni huwezi kujua, kitovu ni kitovu. Njia hii inaitwa Mitrofanoff, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1980. Wazazi wengi wakisikia "atakuwa anajitoa mkojo kwa mpira maisha yote" wanalia. Mama yangu alilia. Mimi nilichoona ni kwamba zile homa za kila mara zilipungua sana.

Tatizo halikuwa katheta, lilikuwa ratiba. Shuleni mwalimu mmoja alidhani natoroka hesabu, akawa haniruhusu kutoka mpaka kengele. Natoka nimejaa, nimechelewa, jioni joto. Kliniki wakaandika barua moja tu yenye saa zangu za kwenda chooni, ikabandikwa ofisini, maneno yakaisha. Wazazi, ombeni hiyo barua kabla shule haijafunguliwa. Na mtafutieni mtoto choo chenye mlango unaofungwa na sehemu ya kunawa mikono. Katheta haihitaji chumba cha upasuaji, inahitaji mikono safi na faragha.

Mkojo wangu ukiuotesha muda wowote utaota kitu. Daktari mpya kila akiingia anashtuka, namwambia tulia.


#13 nesi_wa_zamu

Dada, asante sana. Watu wasome #12 mara mbili.

Kwa faida ya wengine: kwa anayejitoa mkojo kwa katheta, bakteria mkojoni ni kitu cha kawaida. Wapo pia waliopanuliwa kibofu kwa kipande cha utumbo. Utumbo ukiwa kibofu bado unajiona utumbo, unatoa ute, ute unashika vimelea na kutengeneza mawe. Hao wanasuuza kibofu kwa ratiba waliyopewa. UTI zikianza kurudi ghafla kwa mtoto wa aina hiyo, uliza kuhusu mawe.

Na zile figo mbili za zamani alizozitaja: wakati mwingine ndizo chanzo. Hazichuji vizuri lakini mkojo unapanda huko na kutuama. Ndiyo maana baadhi ya watoto hutolewa moja au zote.


#14 Mama Tunu

Na kwa mtoto asiyetumia katheta, anayekojoa mwenyewe? Nina wa dada yangu, miaka sita, alipandikizwa, UTI tatu ndani ya mwaka. Anakunywa maji vizuri tu.


#15 nesi_wa_zamu

Tatu ndani ya mwaka, au mbili ndani ya miezi sita, hiyo tunaiita ya kujirudia, na inadai uchunguzi, si pakiti nyingine ya dawa. Ultrasaundi kibofu kikiwa kimejaa na kingine akishakojoa, kuona anabakiza nini. Picha ya eksirei ya kibofu yenye dawa, kuona kama mkojo unapanda kwenye figo mpya au za zamani. Wakati mwingine kipimo cha shinikizo la kibofu. Ikionekana mkojo unapanda, kuna namna ya kurekebisha, kwa kuchoma sindano ya kitu kizito pale mrija unapoingia au kwa kuushona upya.

Nyumbani, fuatilia mambo haya kwa macho yako mwenyewe. Anakojoa kila baada ya saa 2 hadi 3, au anabana miguu akiwa anacheza mpaka dakika ya mwisho? Watoto waliokaa na dayalisisi muda mrefu wengine walikuwa hawatoi mkojo kabisa. Kibofu kilikuwa likizo. Leo figo mpya inamwaga mkojo mwingi na yeye hajui ile hisia ni nini. Anahitaji saa, si hisia. Akimaliza kukojoa, akae kidogo, ajaribu tena. Mara ya pili hutoka kilichokuwa kimebaki. Msichana akalie choo miguu ikiwa imekanyaga kitu, asining'inie.

Na choo kikubwa! Nasema kwa sauti kwa sababu hakuna anayeuliza. Mtoto mwenye kinyesi kigumu kilichojaa, utumbo unakibana kibofu, hakijai vizuri wala hakimaliziki. Nimeona watoto waliozungushwa antibayotiki tofauti miezi kadhaa, tatizo likapungua walipotibiwa kufunga choo. Mzazi anasema "anapata kila siku", ukiuliza zaidi ni vigololi.

Maji: anywe kiasi kilichoandikwa na timu yake, na agawe mchana kutwa. Figo ya mtu mzima ndani ya mwili mdogo inahitaji maji mengi ipate damu ya kutosha. Kumwacha mtoto akauke kwa kutapika au kuhara ni hatari hata bila bakteria.


#16 Baba Ibra

Kutahiri inasaidia? Nina rafiki mwanawe wa kiume anasubiri figo, kaambiwa amtahiri kwanza.


#17 nesi_wa_zamu

Inapunguza UTI kwa wavulana, hilo halina ubishi. Faida yake inategemea hatari ya mtoto husika. Kuna uchambuzi wa mwaka 2005 uliokadiria kwamba kwa wavulana wa kawaida inabidi utahiri 111 ili uzuie UTI moja. Kwa wenye UTI za kujirudia ni 11. Kwa ambao mkojo wao unapanda sana kwenye figo ni 4. Hawakuwa watoto waliopandikizwa, lakini utaona kwa nini daktari wa rafiki yako kamshauri hivyo. Na kufanya kabla ya dawa za kushusha kinga kuanza, kidonda kinapona kwa urahisi zaidi.


#18 mfamasia_kimya

Nimekuwa msomaji tu ila hapa kwenye dawa niingie kidogo, maana naona watu dirishani kila siku.

Mtoto anayemeza takrolimasi asinunuliwe antibayotiki yoyote bila timu yake kujua. Klarithromaisini na erithromaisini zinapandisha takrolimasi kwenye damu kwa kiasi kikubwa, na takrolimasi nyingi ni sumu kwa figo. Flukonazoli ya fangasi nayo hivyohivyo. Rifampisini inafanya kinyume, inaishusha, na mwili unaweza kuanza kuikataa figo. Kuhara nako kunaweza kupandisha takrolimasi, watu wengi hawalijui hili. Ibuprofeni na ndugu zake, hapana. Balungi na juisi yake, hapana.

Septrin inawachanganya wazazi. Wengi wa watoto hawa wanapewa kwa miezi ya mwanzo, na lengo kuu si mkojo, ni kuzuia nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis. Kwenye mkojo inasaidia kama nyongeza. Kwa hiyo UTI ikitokea mtoto akiwa juu ya Septrin, usitegemee Septrin imtibu, huyo bakteria ameshaizoea. Halafu inaweza kupandisha kreatinini kidogo bila figo kuumia, kwa sababu inazuia njia moja ya kreatinini kutoka. Inaweza kupandisha potasiamu pia, na hiyo si ya kupuuza.

Nitrofurantoini: inakaa kwenye mkojo, haifiki kwenye nyama ya figo kwa kiwango cha kutibu. Mtoto mwenye homa haifai, na figo ikiwa dhaifu haifai kabisa.


#19 Mzee Kobe

Huyu "kimya" akae kimya tena kwa faida ya nani? Endelea kuandika kijana.

Juisi ya kranberi je? Mtandaoni wanaiuza kama mkombozi.


#20 nesi_wa_zamu

Mfamasia ahsante, umenipunguzia kazi.

Kranberi: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2023 yaliona inapunguza uwezekano wa UTI kurudi kwa wanawake wanaozipata mara kwa mara na kwa watoto. Kwa watu wazima ambao kibofu hakimaliziki kwa sababu ya neva, hawakuona faida. Kwa hiyo kwa watoto wetu wengi, wenye matatizo ya kibofu, siwezi kukuuzia matumaini. Ni kinga, si tiba, na usianze bila kusema kliniki. Mitishamba ya "kusafisha figo" msiilete karibu na mtoto huyu. Hakuna anayejua inafanya nini kwenye kiwango cha takrolimasi mpaka damu ipimwe, na mara nyingi inapimwa mtoto ameshaingia wodini.


#21 Neema K

Sista, nina swali la haraka. UTI ikipandisha kreatinini, mnajuaje kwamba si mwili unaikataa figo?


#22 nesi_wa_zamu

Kwa macho hatujui, Neema. Homa, figo kuuma, kreatinini kupanda: vyote viwili vinaweza kuja hivyo. Tunapima mkojo, tunaotesha, tunapima damu na takrolimasi, tunapiga ultrasaundi. Kreatinini ikirudi chini maambukizi yakitibiwa, jibu limepatikana. Isiporudi, kipande kidogo cha figo kinachukuliwa kwa sindano kikaangaliwe. Kuna virusi pia: adenovirusi huleta mkojo wa damu na homa, na kuotesha mkojo kwa bakteria hakutaona kitu. Virusi vya BK vyenyewe ni vya kimyakimya, kreatinini inapanda tu, na tiba ni kupunguza dawa za kushusha kinga, kinyume kabisa na tiba ya figo inayokataliwa. Ndiyo maana hatupendi kubahatisha.

Na kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kikiwa hakina alama, kwa mtoto mwenye homa hakitoshi kumrudisha nyumbani. Alama ya naitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi huitengeneza mkojoni, inahitaji mkojo uwe umekaa kibofuni saa kadhaa, na mtoto anayekojoa kila mara haupi nafasi. Bakteria wengine, kama Enterokokasi, hawaitengenezi kabisa.


#23 Neema K

Basi homa ikija saa nane usiku nampa parasetamoli nasubiri kuche?


#24 nesi_wa_zamu

Hapana. Parasetamoli kwa kipimo chake haina ugomvi na figo, tatizo ni kwamba inaficha homa na wewe unalala. Nyuzi 38 au zaidi, piga namba ya timu saa hiyohiyo. Usipoipata, nenda hospitali iliyo karibu, uwaambie sentensi ya kwanza kabisa: "mtoto amepandikizwa figo". Usianze na mafua ya dada yake.

Usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini. Dozi moja tu inatosha kufanya mkojo usioteshe chochote, halafu tunatibu gizani. Beba orodha ya dawa zake na saa anazomeza, kiwango cha mwisho cha takrolimasi, na jibu la mwisho la kuotesha mkojo likionyesha dawa gani zilikuwa zinaua na zipi zilishindwa. Hilo karatasi la mwisho ndilo linalomfanya daktari wa usiku achague dawa sahihi mara ya kwanza badala ya kungoja siku mbili majibu mapya. Lipige picha likae kwenye simu. Na kama anatapika dawa zake za kinga, liseme hilo mapema, lina uzito kama homa.

Takrolimasi ikipimwa asubuhi, damu itoke kabla hajameza dozi, si baada.


#25 Mama Tunu

Sista samahani, la mwisho. Umetaja stenti kule mwanzo. Ya mwanangu sikumbuki kuambiwa itatolewa lini. Inatoka yenyewe?


#26 nesi_wa_zamu

Haitoki yenyewe, Mama Tunu. Mara nyingi hutolewa ndani ya wiki 2 hadi 6 baada ya upasuaji, na mtoto analazwa usingizi kidogo kwa kazi hiyo. Hospitali nyingine huifunga pamoja na mpira wa mkojo, ukitolewa mpira nayo inafuata, kwa hiyo inawezekana ya kwake ilishatoka mkiwa bado wodini. Iliyosahaulika inaota ukoko wa chumvi, inakuwa makao ya bakteria, na hakuna antibayotiki itakayosafisha mkojo huo. Angalia karatasi ya kuruhusiwa. Kama haisemi ilitolewa wala haina tarehe ya kutolewa, piga simu kliniki kesho asubuhi uulize, na usikate simu mpaka mtu afungue faili lake.